Baada ya Kiharusi, Nani Aseme "Endesha"?

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze habari ya ufunguo wa gari. Si ufunguo uliopotea wala ulioibwa. Ni ule uliotundikwa msumarini nyuma ya mlango wa chumba, kwa sababu mwenyewe alipata kiharusi miezi michache iliyopita. Sasa anatembea, anazungumza, anakula bila kulishwa, na kila asubuhi anautazama ule msumari.

Katika nyumba nyingi jambo hili huamuliwa kwa ugomvi. Mama anasema baba haendeshi tena. Kijana mkubwa anasema baba amepona, mbona ngazi anapanda? Mjomba anaitwa kuja kusuluhisha. Daktari naye akiulizwa kliniki, huku foleni ya wagonjwa imefika hadi nje ya mlango, anapima presha, anaona imeshuka, anasema "maendeleo ni mazuri." Maneno hayo yakifika nyumbani huwa yamekwisha geuka kuwa ruhusa ya kushika usukani. Kwa maoni yangu, hapo hakuna hata mmoja aliyelijibu swali lenyewe. Swali si kama mtu amepata nafuu. Swali ni kama anaweza kuendesha gari bila kujiua na bila kuua, na kama bado hawezi, afanyiwe nini ili aweze. Wapo watu ambao kulijibu swali la namna hiyo ni sehemu ya kazi yao. Hao ni wataalamu wa tiba kwa vitendo.

Wengi tunawachanganya na wenzao wa mazoezi ya viungo, kwa kuwa mara nyingi wanafanya kazi katika jengo moja na wagonjwa wao ni wale wale. Tofauti ni hii. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atataka kujua kama mguu wako unanyanyuka. Mwenzake wa tiba kwa vitendo atakuuliza mguu huo unautaka kwa kazi gani: kuingia bafuni, kupanda daladala, au kukanyaga klachi? Kisha atakufundisha upya ile kazi yenyewe, au atakutafutia njia nyingine ya kuifanya, au atabadilisha chombo unachofanyia kazi. Chama cha kwanza cha fani hii kiliundwa mwezi Machi mwaka 1917 katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, Marekani. Mmoja wa waasisi wake, George Edward Barton, alikuwa mchora ramani za majengo, na mwenyewe alikuwa amepooza upande wa kushoto. Uingereza ilipata shule yake ya kwanza mwaka 1930 mjini Bristol, kwa juhudi za daktari mwanamke, Elizabeth Casson. Hapa kwetu Tanzania wataalamu hawa wanafundishwa Moshi, pale KCMC, na wenzetu wa Kenya wanafundishwa katika chuo cha tiba cha serikali. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, sizungumzii mambo ya Ulaya peke yake.

Wala kiharusi si ugonjwa wa Ulaya. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi wilayani Hai na katika eneo moja la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha hesabu kwa umri, Hai ilionekana na wagonjwa wapya kama 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000, na Dar es Salaam kama 316. Presha isiyotibiwa ndiyo chanzo kikubwa. Na presha haichagui wazee tu. Inawapata pia madereva wa miaka 45 na 50, wanaokaa kitini kutwa nzima, wanakula chipsi na nyama choma za njiani na wanalala saa nne kwa siku.

Sasa tuingie ndani ya kichwa. Kiharusi hutokea pale damu inapokatika katika sehemu ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba, ama kwa sababu umepasuka. Ubongo wa upande wa kulia ndio unaotawala mkono na mguu wa kushoto. Hilo wengi tunalijua, kwa maana tunauona mkono unaoning'inia. Tusilolijua ni kwamba ubongo huo wa kulia una kazi nyingine kubwa, nayo ni kutufahamisha kwamba upo upande wa kushoto duniani. Ukiumia, mtu anaweza kuwa na macho mazima kabisa, na bado vitu vilivyo kushoto kwake visimfikie akilini. Mgonjwa ananyoa ndevu za upande mmoja. Anapita mlangoni bega la kushoto likigonga fremu. Anakula chakula cha upande wa kulia wa sahani, cha kushoto anakiacha, kisha anauliza mbona leo amepewa kidogo.

Mtu huyo mkalishe nyuma ya usukani wa gari la kwetu. Sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara. Kushoto kwa dereva ndiko kuna ukingo wa lami, na pembeni ya lami kuna mama anayeuza maandazi, watoto wa shule, baiskeli yenye mkaa na daladala inayoshusha. Bodaboda nazo hupenyea huko. Katika barabara zetu, upande ambao ubongo wake umeusahau ndio upande wenye watu. Tena katika magari yetu, yenye usukani kulia, mkono wa kushoto ndio unaobadilisha gia na mguu wa kushoto ndio unaokanyaga klachi. Kiharusi cha ubongo wa kulia kinampiga dereva wa Tanzania mara mbili kwa mkupuo.

Nina jirani yangu, sitamtaja jina, ambaye kwa miaka 27 alikuwa akiendesha malori makubwa ya kwenda Tunduma. Mlima Kitonga anaujua kona kwa kona kama unavyojua njia ya kwenda chooni usiku. Kiharusi kilimpata akiwa na miaka 52. Baada ya miezi minne alikuwa anatembea kwa fimbo, na baada ya mitano fimbo aliitupa. Jumapili moja jioni vijana wake walimpeleka kiwanja cha mpira na gari dogo la shemeji yake, tukaenda majirani kutazama. Alizunguka mara tatu. Gia zilikuwa zinaingia kwa kusuasua kidogo, lakini alirudi nyuma moja kwa moja na kusimama pale pale alipoambiwa asimame. Watu wakapiga makofi. Aliposhuka aliniambia, "Mdogo wangu, andika huko redioni kwenu kwamba dereva hafi."

Nilimpa hongera, na kwa kweli ilistahili. Lakini kiwanja cha mpira jioni hakina mtoto anayekimbilia mpira wake barabarani. Dereva wa miaka 27 hafikirii akibadilisha gia, kama wewe usivyofikiri ukifunga kamba za viatu. Ujuzi huo umezama chini sana, na mara nyingi kiharusi hakiufikii. Kinachoharibika ni ile sehemu inayopokea jambo la ghafla, ikalipima, ikaamua, ikaagiza mguu, na yote hayo ndani ya kufumba na kufumbua. Hesabu yake ni rahisi. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Kwa kilometa 80, ni mita 22. Dereva anayechelewa sekunde moja tu kuliko alivyokuwa anachelewa zamani, breki yake itaanza kushika urefu wa basi moja na zaidi mbele ya pale ambapo ingeshika.

Aliyeokoa jahazi alikuwa binti yake. Yeye alikuwa amekwisha ona ile sahani. Mama yake kila siku alikuwa akilalamika kwamba mzee anauchagua wali, na binti akagundua kwamba mzee hauchagui, ila hauoni wa upande mmoja. Akauliza katika hospitali alikokuwa akimpeleka kwa mazoezi, akaelekezwa chumba cha pili, kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Nami niliomba ruhusa nikaenda nao, kwa udaku wetu wa kiandishi.

Yule mtaalamu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya ualimu, hakuanza na gari hata kidogo. Alianza na macho: mtu anasoma maandishi umbali gani, na bila kugeuza shingo anaona vidole vinavyochezacheza pembeni hadi wapi. Akaja kwenye viungo. Hapo nilijifunza jambo ambalo sikulijua. Alimfumba macho, akamkunja kifundo cha mguu juu na chini, akamuuliza kimeelekea wapi. Mguu unaweza kuwa na nguvu za kutosha na bado mwenyewe asijue umekaa wapi, na mguu wa namna hiyo ndio unaokanyaga mafuta ukidhani ni breki. Bahati nzuri mguu wake wa kulia ulijibu vizuri.

Kisha zikaja karatasi. Ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja mrefu, akaambiwa atie alama katikati. Alama ikaangukia mbali, upande wa kulia. Ya pili ilikuwa na nyota nyingi zilizotapakaa, kubwa na ndogo, akaambiwa azikate zile ndogo zote. Alikata za kulia kwa makini sana, moja moja. Za kushoto hakuzigusa, akairudisha karatasi akisema amemaliza. Ya tatu ilikuwa na namba na herufi, mtu anatoka 1 kwenda A, kutoka A kwenda 2, kutoka 2 kwenda B, bila kuinua kalamu na huku anapimwa muda. Ukiitazama utadhani ni mchezo wa chekechea. Lakini ndivyo dereva anavyofanya kazi: kioo, barabara, gia, kioo, basi lililo mbele, barabara. Asiyeweza kuhama haraka kutoka jambo hili kwenda jingine na kurudi, barabara ya Morogoro pale Ubungo haitamsubiri.

Mzee alikasirika. "Mama, mimi sikuja kusoma chekechea. Leseni ninayo, na haijaisha." Na kweli leseni ilikuwa hai. Hapa kwetu leseni ni ya miaka 5, kwa hiyo mtu anaweza kupooza mwaka wa kwanza na ile kadi ikaendelea kusema ni dereva kamili miaka minne mbele. Yule mama hakubishana naye. Aliichukua karatasi ya nyota, akaizungusha juu chini, akaiweka tena mbele yake. Zile nyota ambazo hazikukatwa zikawa sasa ziko kulia. Mzee akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Hizi zilikuwapo?"

Ndugu msikilizaji, nasimulia haya kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo shida ilipo. Mgonjwa wa namna hii hadanganyi anaposema amepona. Ubongo unaopaswa kumwambia kwamba kuna kitu kimekosekana ndio huo huo ulioumia. Kwa hiyo neno lake "najisikia vizuri" haliwezi kuwa ushahidi, na ugomvi wa nyumbani hauwezi kumshawishi. Ile karatasi iliyogeuzwa ilimwambia yule mzee jambo ambalo mke, binti na shemeji hawakuweza kumwambia kwa mwezi mzima.

Kilichofuata hakikuwa marufuku. Ilikuwa kazi, wiki baada ya wiki, na nyingi ilifanyika mbali na gari. Alifundishwa kuanza kutazama kila kitu kutoka kushoto: gazeti, sahani, rafu ya duka. Aliwekewa utepe mwekundu pembeni mwa meza na kuambiwa asianze jambo kabla jicho halijaugusa. Alipelekwa sokoni na orodha ya vitu sita, binti akimfuata nyuma bila kusema neno. Halafu akakaa kiti cha abiria ndani ya gari la binti yake, akitaja kwa sauti kila anachokiona upande wa kushoto: mtoto, guta, mbuzi, kibao. Binti anasema siku za kwanza walikuwa wakipita mbuzi watatu anataja mmoja.

Je, mazoezi ya namna hii yanasaidia? Utafiti uliofanyika Ubelgiji, ukachapishwa mwaka 2005, uliwagawa wagonjwa 83 wa kiharusi katika makundi mawili. Wote walipewa saa 15 za mafunzo kwa wiki 5. Kundi moja lilifanya mazoezi ya fikra yanayohusiana na udereva. La pili lilikaa ndani ya gari lisilotembea, lenye picha za barabara mbele yake, likaendesha humo. Baadaye, kati ya waliotumia gari la picha, asilimia 73 waliruhusiwa kisheria kurudi barabarani, na wa kundi la kwanza asilimia 42. Gari kama hilo ni ghali, sisemi kila hospitali ya wilaya inunue. Ninachokiona mimi humo ni kwamba udereva uliopotea unaweza kufundishwa tena, na unafundishika vizuri zaidi kwa kuendesha.

Penye kituo kamili, baada ya chumbani hufuata barabarani. Gari lina breki ya pili upande wa mwalimu wa udereva, na mtaalamu wa tiba kwa vitendo anakaa kiti cha nyuma na karatasi yake. Wanaanzia mitaa ya kimya, wanakwenda hadi kwenye mizunguko na taa. Majibu yake si ndiyo au hapana tu. Mtu anaweza kuambiwa aendeshe mchana peke yake, au gari la otomatiki peke yake, au achukue masomo kumi kisha arudi apimwe. Anaweza pia kuambiwa bado, njoo baada ya miezi mitatu. Na wapo wanaoambiwa basi.

Lipo pia suala la kulibadilisha gari, na hili huwapa watu matumaini makubwa kuliko wanavyotegemea. Mkono na mguu wa kushoto vikiwa dhaifu, gari la otomatiki linaondoa klachi na kazi ya gia kwa mpigo mmoja. Aliyebaki na mkono mmoja wenye nguvu hufungiwa kifundo kwenye usukani, akauzungusha kwa kiganja kimoja. Aliyekatwa mguu wa kulia kwa kisukari anaweza kuwekewa pedali ya mafuta kushoto kwa breki. Asiye na miguu yote hufungiwa mkono wa chuma wa kuvuta na kusukuma, huku ni mafuta, huku ni breki. Lakini nasema hivi kwa sauti: vifaa hivyo visifungwe na fundi wa gereji kwa maelezo ya simu. Mguu uliokanyaga mafuta upande wa kulia kwa miaka 30 unahitaji masomo kabla haujakabidhiwa pedali mpya.

Wenzetu Uingereza wameliwekea jambo hili sheria. Mwenye gari dogo akipata kiharusi haendeshi kwa mwezi mmoja hata kama anajiona mzima. Dereva wa lori au basi anasimama mwaka mzima. Aliyepoteza nusu ya uwanja wa kuona haruhusiwi, hata mikono yake ikiwa na nguvu za ng'ombe. Na kuna mtandao wa vituo vya kupimia madereva kama hawa, ambako mtaalamu wa tiba kwa vitendo na mwalimu wa udereva wanakaa gari moja. Sisi hatuna mtandao kama huo. Ila vipande vyake tunavyo: wataalamu wapo katika hospitali kubwa, shule za udereva zipo, polisi wa usalama barabarani wapo. Havijakutanishwa tu, na kuvikutanisha hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Ugumu mwingine ni wa mfukoni, na huu sitaki kuupita. Kumwambia dereva wa lori akae mwaka ni kumwambia watoto wake wakae mwaka bila ada. Ndiyo maana wengine wanaficha. Anamwambia tajiri alikuwa na malaria kali, anarudi barabarani, safari ya kilometa zaidi ya 900 hadi Tunduma, na uchovu wa kiharusi ni uchovu wa aina yake, unamkata mtu katikati ya sentensi. Tajiri anayeuliza "unaweza au huwezi?" huku ameshika hati za mzigo mkononi hataambiwa ukweli. Akimpa kazi ya yadi, ya kupanga safari, ya kukagua matairi, ya kufundisha matingo wanaotaka kuwa madereva, huenda akaambiwa. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo anahusika na hilo pia, kwa sababu kazi yake haiishii kwenye gari. Mtu akiambiwa usukani basi, anamsaidia kupata la kufanya kesho asubuhi.

Jirani yangu lori hakurudi. Miezi kumi na moja baada ya kiharusi alikaa ndani ya gari la shule ya udereva, mwalimu kushoto, yule mama wa hospitali nyuma, wakazunguka mtaani kwetu, halafu wakatoka barabara kubwa. Alirudi shati limelowa jasho. Alishauriwa gari dogo la otomatiki, mchana tu, asiendeshe peke yake miezi sita ya kwanza, kisha apimwe tena. Lori aliambiwa hapana, na bado analinung'unikia. Sasa yuko yadi kwa tajiri yule yule, ndiye anayewapanga vijana kwa safari za Kitonga.

Kama nyumbani kwako upo msumari wenye ufunguo, ulizia katika hospitali unakohudhuria kliniki kama wanaye mtaalamu wa tiba kwa vitendo, na kama hawanaye, waombe wakuandikie barua ya kwenda walipo. Mwambie wazi kwamba unataka kurudi kwenye udereva, taja na aina ya gari, maana asipoambiwa ataanza na vifungo vya shati. Nenda na miwani yako. Nenda na dawa zako zote, kwa sababu zipo zinazoleta usingizi. Na mchukue mtu mmoja mnayekula naye meza moja, kwani kuna maswali ambayo yeye ndiye atakayeulizwa.